Mvua Juu ya Mabati

Mwanangu Venansi,

Kosa la walimu wengi ni kudhani kwamba darasa linaloitika vizuri linasoma. Baba yako mkubwa anakusalimu kutoka Bukavu, kwenye baridi, nilikoitwa kuwasaidia walimu wanaofundisha mwaka wa kwanza.

Jana nilikaa nyuma ya darasa la kijana mmoja, mwalimu Donati. Watoto walifungua vitabu wakasoma kwa pamoja, sauti moja tamu kama ya misa. Kisha mvua ikaja kutoka ziwani, ikapiga mabati hata hawakumsikia tena mwalimu wala wenzao. Wote wakanyamaza, na maneno yangali mbele ya macho yao.

"Papa, hii mvua iko na wivu na masomo yangu," Donati akaniambia sikioni, akicheka.

"Mvua haikufunga kitabu hata kimoja," nikamjibu.

Akaacha kucheka. Mkaguzi anakuja kwake Jumatatu, na mwalimu ambaye watoto wake hawasomi hunyang'anywa darasa. Akitoka hapa, mkaguzi huyo anateremka kwako Luvungi. Hilo ndilo linaloninyima raha: darasa lako limeezekwa kwa nyasi, na mvua haitakuonya kama ilivyomwonya Donati.

Mungu awalinde nyumbani, na mtoto wako apone kikohozi. Leo, ukiisha kusoma kadi hii, mwite mwanafunzi mmoja peke yake, mwonyeshe neno la katikati ya ukurasa, kisha unyamaze, umngoje.