Saa ya Ukutani

Shoga, ngoja nikwambie ya leo wodini.

Ile simu niliyoifunga kwa plasta kwenye stendi ya dripu, ili daktari bingwa awaone wagonjwa wetu watoto kwa video akiwa kwake mjini? Leo nusura niue mtoto!

Daktari ananiambia, "Nesi, naona ametulia, mwache alale." Mara anauliza, "Mbona saa yenu ya ukutani imesimama?"

Nikageuka. Saa inatembea!!

Kumbe picha anayoiona daktari ndiyo imeganda. Dakika sita, shoga. SITA. Kumtazama mtoto, midomo ya buluu.

Nikampachika oksijeni huku nalia. Amerudi. Amerudi, jamani.

Mama yake katoka kufua, ananikumbatia, eti simu yangu imemwokolea mwanawe.

Na mimi nilisimama hatua moja kutoka kitandani, macho kwenye simu.