Mume Wangu Anaendesha kwa Macho ya Rafiki Yake

Mpendwa mshauri Bi Hester, naomba msaada, na unisamehe mwandiko, si uzee, ni hasira. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minane, natoka Wales, nimeolewa na Emrys tangu nikiwa msichana wa kiwanda cha soksi, na kila mwaka baridi ikianza kwetu tunapanda gari-nyumba letu, tunavuka kwa meli, tunashuka mpaka huku kusini mwa Uhispania na kukaa mpaka milozi imalize kuchanua, pamoja na rafiki zetu Clive na Thelma wenye gari-nyumba lao, wao mbele sisi nyuma, na sijawahi kulalamika, muulize yeyote. Tukiwa huku nakusikiliza redioni kila Jumanne nikimenya viazi. Sikudhani hata siku moja kwamba na mimi nitakuwa miongoni mwa hao wanaokuandikia.

Lazima kwanza nikueleze habari ya redio za upepo. Emrys na Clive walipokuwa vijana walishindana mbio za magari kwenye misitu ya kwetu, Emrys akishika usukani na Clive akikaa pembeni kumsomea njia, kona kali kushoto, kilima, daraja, kwa hiyo safari hii walipokuja na redio mbili za mkononi, zile za kubonyeza ndipo useme, na Clive akaanza kumsomea njia kutoka gari la mbele, mimi nilicheka, nikasema wazee wamerudia utoto, waache wafurahi.

"Kona kulia, taratibu, mzee. Lori linakuja, jibane. Baiskeli mbili upande wako."

"Nimekupata, mkubwa. Lete nyingine."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kutoka bandarini Santander mpaka huku, na mimi nimekaa pale kitini nafuma soksi za mjukuu. Na usiniulize ilikuwaje nisishtuke, maana nimejiuliza mwenyewe mpaka kichwa kinaniuma. Unajua magari yetu usukani uko kulia na huku watu wanapita kulia, kwa hiyo dereva anakaa upande wa mtaro na mke ndiye anayekaa upande wa katikati ya barabara, na kila mke wa kwetu anaijua kazi yake, mume akitaka kupita lori anauliza, "Kuna gari?" na wewe unachungulia unasema, "Hakuna, pita." Mwaka huu Emrys alikuwa ananiuliza kila mara, hata pasipo na lori. Nilidhani uzee umemtia uangalifu. Nilimsifia, Bi Hester! Nilimsifia kwa Thelma, na Thelma akainuka kuosha vikombe.

Jumamosi tulikuwa tunashuka kutoka milimani, tukaingia kijiji kimoja juu ya Órgiva, njia nyembamba, nyumba zimebanana, Clive akakata kona akapotea machoni petu, na redio ikakatika, ikawa inakwaruza tu, na Emrys akaanza kuita, "Clive, sema. Sema basi, Clive. Clive!" na sauti yake haikuwa ya mtu anayecheza, na mbele yetu, upande wake yeye, wala si upande wangu, kulikuwa na mwanamume juu ya ngazi anapaka ukuta chokaa, mchana kweupe, na Emrys anamwendea vilevile, hapunguzi. Nilipiga kelele. Niliudaka usukani nikauvuta. Kioo cha pembeni kikagonga mguu wa ngazi, ngazi ikaanguka, yule bwana akabaki ananing'inia kwenye nondo za dirisha, na ndoo ya chokaa ikamwagika yote juu ya kioo chetu cha mbele, na mume wangu akanigeukia na kuniuliza, "Kuna nini? Tumepiga jiwe?"

Tumepiga jiwe!

Yule bwana alishuka kiwiko kinachuruzika damu, akalipiga dirisha letu kofi, "Huna macho wewe? Mzee, huna macho?" na Kihispania changu ni cha sokoni lakini hilo nililielewa. Clive akarudi mbio, akamwambia samahani mara mia, akatuhimiza tuondoke kabla polisi wa kijiji hajaja, na tukaondoka. Naona aibu kuliandika hilo, lakini tuliondoka.

Tulipofika kambini nilimkalisha Emrys, nikamshikia pakiti ya majani ya chai mbele ya uso, nikamwambia soma. Akageuza kichwa upande, kama kuku anavyoitazama punje. Katikati hakuna kitu, Bi Hester. Akakiri: daktari wa macho alimwambia tangu Septemba kwamba katikati ya macho yake yote mawili pameharibika, asiendeshe tena, na aiambie mamlaka ya leseni, na yeye hakuiambia mamlaka, wala hakuniambia mimi mke wake. Alimwambia Clive.

Nikaenda kwenye gari la Clive, wamekaa nje kwenye viti vyao wanakula zeituni kama watu wasio na dhambi.

"Shemeji, punguza moto," Clive akasema kabla sijafungua mdomo. "Hajafa mtu."

"Hajafa kwa sababu amedaka nondo! Umekuwa unamwendesha mume wangu kwa redio, Clive? Na mimi nimekaa pembeni yake nafuma?"

"Nilikuwa namsaidia. Ulitaka nimwache nyumbani atazame ukuta? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, shemeji. Wewe hujui yaliyo kati yangu na Emrys."

"Tulitaka apate safari moja ya mwisho, mpenzi," Thelma naye akadakia, sauti ya asali. "Ungejua, ungemharibia."

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo lililonifanya nitake kuipindua meza. Wiki mbili zilizopita, tulipokuwa Nerja, binti yao alikuja na mwanawe Poppy, na yule mtoto alilia apande gari letu kwa sababu lina kitanda cha juu chenye dirisha, alilia mpaka akalala chini, na Thelma akakataa katakata, akasema eti atatapika. Nikamuuliza, "Thelma, Poppy ulimkataza kwa nini?" Akainama, akaanza kuhesabu kokwa za zeituni. Mjukuu wake asipande, mimi nipande! Miaka thelathini nimemwita dada, nimemuuguza alipokatwa titi, nimemlaza kitandani pangu, na alikuwa ananitazama kila asubuhi nikipanda lile gari, ananipungia mkono.

Sasa ni hivi. Alhamisi tunatakiwa kuondoka hapa kwenda Cabo de Gata, kisha kurudi kaskazini. Clive anasema safari hii ataenda polepole, hatapotea machoni, na kwamba nikinyamaza mpaka tufike nyumbani kila kitu kitaisha kwa heshima. Emrys hali, hazungumzi, jana tu alifungua mdomo akaniambia, "Ukininyang'anya usukani mbele ya Clive, umeniua." Na mimi nampenda, Bi Hester, ndiyo balaa lenyewe, nampenda na nataka kumzaba kofi kwa wakati mmoja. Leseni ninayo, hata ya gari la ukubwa huo, lakini sijawahi kuliendesha hili hata mita moja, Emrys husema gia zake zina tabia zinazojulikana na yeye tu. Je, nivumilie siku hizi chache nimsitiri mume wangu? Na Thelma nimfanye nini? Majina usiyafiche. Nimechoka na mambo ya kufichwa.

Mke wa Emrys, kambini Órgiva.

*

Mke wa Emrys, una jina lako mwenyewe. Barua nyingine ulitie.

Pole. Naanza na pole kwa sababu umeumizwa kweli, na watu watatu uliokuwa unawapikia. Nilipofika kwa Poppy niliweka barua chini nikatembea mpaka mlangoni na kurudi. Thelma ananisikia, maana huku kusini nani hanisikii: mama, ulijua. Ulijua kiasi cha kumlinda mtoto wa mwanao. Usimwambie mtu kwamba ulifanya kwa upendo.

Sasa nakugeukia wewe. Kurasa nne umeniandikia, nimejua habari za soksi, za zeituni, za Thelma na kitanda chako, lakini funguo za gari ziko wapi? Hukusema. Maana yake ziko mfukoni mwa suruali ya mume wako, na wewe umekaa unaniandikia mimi. Na unaniuliza eti uvumilie "siku hizi chache". Mama, yule fundi wa chokaa aliponing'inia alihitaji muda gani kufa?

Usiniambie habari ya kumsitiri mume. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na macho ya kuazima hayaoni barabara. Clive anasema hatapotea tena machoni. Hebu mfikirie Clive. Anaona kilicho mbele ya gari lake yeye. Mtoto akitoka mlangoni baada ya Clive kupita, nani anamwona? Clive ameshapita. Emrys haoni. Wewe unafuma. Nimeishi milimani huko miaka ishirini na mbili, milango yetu inafunguka barabarani, tukitoka kununua mkate tunatoka na pua mbele ya magari yenu. Mnakuja kwetu mkitafuta jua, karibuni, lipo tele, lakini sisi si vikwazo vya mchezo wenu wa ujanani.

Basi fanya hivi. Ukimaliza kunisikiliza, simama, nenda kachukue funguo. Usiombe, usijadiliane, usingoje alale. Mwambie, "Emrys, nipe," na akikataa, mwambie meneja wa kambi gari hilo lisitoke getini, ataelewa haraka kuliko Clive. Zile redio za upepo zitie kwenye pipa la taka.

Kesho panda basi urudi kile kijiji. Mtafute yule bwana, haitakuwa kazi, kijiji kizima kinamjua na ninyi mnajulikana zaidi. Mpe jina lenu na karatasi za bima, umtazame usoni umwombe msamaha kwa Kihispania chako cha sokoni. Kumwacha mtu anavuja damu mkakimbia polisi ni kosa la sheria, na hata kusingekuwa na sheria ingekuwa aibu ileile. Na huo msamaha Emrys aende kuuomba mwenyewe, wewe umshike mkono.

Kuhusu kuendesha: ati gia zina tabia! Gia ni gia. Bila shaka uliendesha gari kupeleka watoto shule, uliendesha kwenye barafu za kwenu, na miaka yote hii umekubali kuambiwa chuma kinamjua mwanamume mmoja tu. Hapo sikuonei huruma. Kambi hiyo ina uwanja nyuma, asubuhi hauna mtu. Enda mbele, rudi nyuma, paki, gonga debe la taka, rudia. Ukiona huwezi, wapigie watu wa bima yenu walete dereva wa kulirudisha gari, ninyi mpande ndege. Ukiona unaweza, Cabo de Gata iache, shika barabara kuu, pana, mchana tu, polepole, na anayepiga honi apige. Ila usiende na Clive. Kwa lolote. Hata kama gari lake limetangulia kwa bahati, simama unywe chai mpaka apotee.

Leseni aiandikie mamlaka yeye mwenyewe mkifika. Mpe wiki moja. Asipoandika, andika wewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo chenyewe huwa si lazima kiwe cha mwenye maradhi.

Thelma? Achana naye kwa sasa. Hasira uliyonayo inatosha kuliendesha gari mpaka Santander, usiimalize kwake. Atakuja kukuandikia, wa namna yake huandika. Utamjibu ukitaka, na usipotaka hakuna atakayekulaumu mbele yangu.

Na wewe Emrys, uliyekaa hapo unajifanya husikii. Kupofuka ni msiba, bwana. Ulipaswa kuulilia mikononi mwa mke wako, na angekulilia, unajua angekulilia. Badala yake ulimpa Clive machozi yako na ukampa mkeo kiti cha mbele. Ungekuwa karibu ningekutwanga na ufagio, kisha ningekupikia supu. Anza kusema naye leo. Hilo halitakurudishia macho, lakini mke bado unaye.

Wewe mama, umeniandikia kwamba Emrys anasema ukimnyang'anya usukani umemuua. Mwambie hivi, na sauti usiipandishe: "Hapana, mume wangu. Nimekataa uue." Kisha umfunge mkanda, uwashe gari, muende nyumbani.