Miche ya Kahawa ya Sifuna

Kwanza, Kitale
23 Machi 2025

Mpendwa ndugu yangu Sifuna,

Joto la Doha linakutendea aje? Natumaini unakula vizuri na kile kikohozi kimeisha. Mimi na watoto tuko salama, ni vumbi tu linatumaliza tukingoja mvua ya kupanda.

Mama huko Cheptais ni mzima, lakini anakukwepa. Ukipiga simu anasema ati mtandao ni mbaya. Si mtandao bana, ni miche yako ya kahawa, ile unayotegemea ikurudishe nyumbani.

Wakwe walipokuja kwa mazungumzo ya mdogo wetu Pauline, mahema hayakutosha. Unamjua Mama. Mkwe kuketi juani kwake ni aibu ya kuzikwa nayo. Akavua wavu wa kivuli wa kitalu chako akawatandazia wageni juu yao. Wakala, wakaimba, wakaenda, na wavu ukasahaulika huko juma zima. Nilipofika, majani yalikuwa yamepauka. Mama akalia akasema, "Nimemfungia mtoto wangu njia ya kurudi."

Niliumia sana. Lakini sifundishi bayolojia bure. Nikarudisha wavu, nikabeba majani hadi maabara ya shule. Wanafunzi wakayaponda kwa maji baridi ya sukari, wakatia rangi ya buluu, wakaweka karibu na taa. Ndani ya jani kuna kloroplasti, vijumba vya kijani vinavyonasa mwanga. Vikifanya kazi, ile buluu hupotea. Ukiongeza mwanga vinaongeza bidii, ukizidisha vinaharibika, na mche uliolelewa kivulini huzidiwa haraka. Ya majani yako ilibaki buluu vile vile. Nilikata tamaa.

Juzi, miche ikiwa imekaa tena kivulini, nikachukua majani yake mengine, tukarudia. Sifuna, rangi ilififia! Polepole, lakini ilififia yote. Sitakudanganya, michache imekufa. Mingi inatoa majani mapya, na tutafungua wavu kidogo kidogo izoee jua kabla ya kuihamisha.

Mama nimemweleza, hataki kuamini. Anaona namfariji tu.

Pauline anakusalimu sana, na mchumba wake Wekoye, na Shangazi Phelista wa Lugulu anayekuombea kila ibada. Mungu akufunike huko uliko.

Mpigie Mama Jumapili akitoka kanisani. Usimuulize kama miche ilipona. Muulize tu atakupandia upande gani wa shamba.

Dada yako akupendaye,
Nelima