Rangi ya Maji kwa Sura za Dada Tabitha

Jumamosi. Milimani, juu ya Kilosa. Manyunyu tangu alfajiri.

"Jiwe halihitaji kuchorwa. Jiwe linadumu lenyewe. Karatasi zako zitaliwa na mchwa kabla jiwe halijapata hata ufa."

Hayo aliniandikia msomaji mmoja wiki iliyopita, chini ya picha ya rangi za maji niliyoweka hapa. Nilikuwa namwandalia jibu refu na kali. Nimebishana na watu kwa maandishi nusu ya maisha yangu, na jibu halijawahi kunipotea. Leo ninalo fupi, na ningetoa chochote nisiwe nalo: bwana, umekosea. Jiwe halidumu lenyewe. Nimeona leo kwa macho yangu.

Nieleze kwa utaratibu, maana hasira yangu imekosa pa kwenda.

Dada yangu Tabitha, aliyefariki mwaka huu, alichonga sura za watu kwenye mawe ya kusagia. Mashine ya kusaga ilipofika kijijini, wanawake walitupa mawe yao nyuma ya majiko. Yeye akayaokota. Hakuwa na patasi. Alitumia ujuzi ambao kila msichana wa rika lake alifundishwa huku: jiwe la kusagia likishakuwa laini, unaligongagonga kwa jiwe dogo gumu, kitundu baada ya kitundu, mpaka lirudi kuwa na meno. Basi yeye akagonga nyuso. Kila mwanamke aliyekwisha kufa alimgonga kwenye jiwe lake mwenyewe, lile alilosagia unga wa wanawe.

Hakuna mstari hata mmoja kwenye sura zile. Ni vitundu vitupu, na kivuli hukaa ndani yake. Jua la asubuhi likija kutoka ubavuni, shavu linatokea. Jua likipanda, shavu linazama.

Ndiyo maana nachora. Simu hulitazama jiwe mara moja ikaridhika. Rangi za maji zinanilazimisha kukaa asubuhi nzima, nikiburuta brashi karibu kavu juu ya karatasi ya kukwaruza, isiyo laini, mpaka vitundu vya Dada vitokee. Nimejifunza ukubwani na mkono wangu ni mzito. Nilianza na Bibi, wakafuata shangazi zangu. Mama nilimwacha wa mwisho.

Mama alifariki nikiwa mdogo sana. Hatuna picha yake. Uso wake siukumbuki. Ninaoujua ni ule ambao Dada aliukumbuka kwa niaba yangu. Niliogopa kumharibu, nikawa nasubiri mkono wangu ukomae.

Katikati ya wiki nilimpigia shemeji yangu Matayo, mume wa Dada. Nayarudia maneno yangu kama yalivyotoka: "Shemeji, Jumamosi nakuja kuzimalizia zile sura kwa rangi ya maji."

Leo nimepanda basi kutoka Mikumi, ninakoishi, nikateremka Kilosa mjini na kupanda mlima kwa bodaboda, karatasi zangu nimezikumbatia ndani ya koti zisilowe. Neema, binti wa Dada, alinipokea njiani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Baba yupo?"

"Yupo, anakusubiri. Tumekupunguzia kazi."

Sura zote zilikuwa zimepangwa barazani. Zimepakwa rangi ya krimu, ile ya ukutani. Mikono miwili, kama wasemavyo mafundi: rangi juu ya rangi.

"Dukani waliniuliza, ya maji au ya mafuta," alisema Neema. "Nikasema mjomba ametaja ya maji. Nikarudia, wasije wakanipa ya mafuta halafu ukatugombeza. Tunakujua."

Jirani yao, Mama Daudi, alikuwa amekuja kutazama. Mmoja wa wanawake wale wa mawe ni mama mkwe wake. "Huyu maisha yake yote aligoma hata kupaka mafuta usoni," alisema. "Leo muoneni, anang'aa kama zahanati." Wakacheka. Nadhani nami nilicheka.

Jiwe la Mama nililitambua kwa umbo lake tu. Rangi ilikuwa imejaa kwenye kila kitundu. Pua, macho, kidevu, vyote vimesawazishwa.

Palikuwa na jiwe la krimu, laini kama yai.

"Shemeji, mbona kimya?" aliuliza Matayo. "Tumekosea?"

Anayenisoma hapa anajua kama nimewahi kumeza neno. Nilimtazama mzee yule, suruali yake ina matone ya rangi mpaka magotini.

"Hamjakosea," nilimwambia. "Ahsanteni sana."

Walipoingia ndani kuandaa chai, nililowesha leso nikasugua. Ya juu ilitoka kidogo. Ya ndani ilikuwa imeshashika. Ningeweza kuichokonoa kwa msumari, lakini vitundu ambavyo ningepata vingekuwa vyangu, si vyake.

Matayo alinikuta nimepiga magoti. Macho yake yamefifia siku hizi. Aliinama, akapitisha kidole kwenye jiwe la Mama, akahamia la pili, akahamia la tatu. Akarudi kwenye lile la kwanza.

"Mkono wake siusikii," alisema.

Niliificha leso mfukoni.

"Kila asubuhi nikitoka nilikuwa nazigusa. Ukizigusa, unamsikia anagonga." Alikaa chini kabisa, sakafuni. "Nilitaka ukija uzikute nadhifu, shemeji. Wewe ndiye ndugu yake uliyebaki."

Nimlaumu nani? Duka lolote kuanzia hapa mpaka Dumila, ukitaja rangi ya maji utapewa ya ukuta. Mimi na wachache wenye viboksi vyetu vya kuchorea ndio tunaoita kitu kingine kwa jina hilo. Mzozo huu sina wa kuzozana naye.

Tuliingia ndani kunywa chai. Ndipo Matayo akanieleza jambo ambalo sikulijua. Jiwe la Mama lilikuwa limepasuka vipande viwili. Dada alimgonga kwanza kwenye kile kidogo, akasema hakutoka sawa, akakichanganya na mawe mengine yaliyopelekwa kuuzwa Mikumi, kwenye vibanda vya vinyago kando ya barabara kuu. Mwaka jana watu waliotoka mbugani wakakinunua. Vibanda vile navipita karibu kila siku nikienda sokoni.

Basi sasa nasema nanyi mliosimamisha gari Mikumi mkanunua uso wa mwanamke uliogongwa vitundu vitundu, kwenye kipande cha jiwe ambacho upande mmoja kimevunjika. Jicho la kushoto, anasema Matayo, limefumba kidogo, na mdomoni ana mwanya. Huyo ni mama yangu. Sitaki mnirudishie. Msimuoshe kwa sabuni, msimpake chochote, hata kama mtu wa kwenu atawashauri kwa nia njema. Niandikieni hapa chini mpo mji gani. Nitakuja na karatasi yangu; mnipe kiti na asubuhi moja yenye jua, mniache naye.