Mnara Uliotaka Ubomolewe

Kwako Baba Rehema,

Salamu sina. Nina jambo moja tu ambalo nimelinyamazia, na nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Unakumbuka wiki tuliyohamia Lanham, huku Marekani? Jumba la matajiri wa zamani lilikuwa limebomolewa kitambo, nyumba zetu zikajengwa mahali pake, ukabaki mnara wa saa peke yake, wa matofali mekundu, mbele ya dirisha letu. Saa yenyewe ilikuwa imekufa. Ulikwangua kadi ya simu ukampigia mama yako Tanga: "Mama, mwanao anaishi kwenye kasri!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikupenda, Baba Rehema. Hilo silikatai.

Kisha asubuhi moja nikarudi kutoka zamu ya usiku kwenye makao ya wazee, mgongo unaniuma kwa kuwageuza wazee wa watu vitandani, nikakuta nguo zangu kwenye mifuko ya taka chini ya mnara ule. Rehema alikuwa amekaa juu ya mfuko mmoja. Akaniuliza kwa Kiingereza chake kama tunahama. Mlango ulikuwa na kitasa kipya, na mwanamke nisiyemjua alichungulia kutoka nyuma ya pazia letu.

Mama Odette, jirani yetu Mkongo, akatuchukua kwake.

Ndipo nikasikia unataka mnara ubomolewe. Nilibisha hodi mtaa mzima kuwaomba watu wautetee. Kwenye mkutano wa wakazi ukasema, "Ni matofali tu hayo, tupate pa kuegesha magari." Nikasimama nikawauliza, "Jumba limekwisha. Na huu ukiondoka, nani atajua kulikuwa na watu hapa?" Wakapiga kura ubaki, na saa itengenezwe. Wakanipigia makofi, wakasema napenda historia.

Historia gani? Nilitaka kila ukifungua pazia upaone pale ulipotutupa.

Sasa saa ile inagonga usiku na mchana. Rehema akitoka kukutembelea anasema mkeo mpya amehamia chumba cha nyuma, nawe unafunga madirisha hata kwenye joto la Julai. Mama Odette ananisihi, "Muache sasa, maman, inatosha." Mimi naona bado.

Jana mtu wako aliniletea karatasi za kuuza nyumba. Ulisahau kwamba tuliinunua wote wawili, na bila sahihi yangu haiuziki.

Sitasaini. Kaa hapohapo.

Niliyekuwa mkeo,
Mama Rehema