Sitii Sahihi Nisichokisoma

Nyumba za Watumishi,
Chumba nambari 6,
Nyuma ya Hospitali.

Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo wako umetulia, na wifi yangu amepona kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu. Sisi huku hatujambo. Mkono wangu wa kushoto ulioungua umeota ngozi mpya, ingawa bado unawasha ukigusa sabuni. Binti yangu anakusalimu na anauliza kama mjomba wake amenuna au ana kazi nyingi tu.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu wakati simu ninayo. Simu, kaka, unaijibu kwa mstari mmoja ukiwa umesimama. Nimeona nikuandikie kitu ambacho itabidi ukae kitako ukisome.

Mstari wako nimeupata. Umeniambia, "Tia sahihi, mdogo wangu. Heri nusu shari kuliko shari kamili." Sijatia. Na sitatia. Sasa ngoja nikueleze taratibu, maana najua hapo ulipo umeshaanza kukunja uso.

Ile mashine ya kukaushia mashuka, ya tatu kutoka mlangoni, ndiyo iliyoshika moto mwezi uliopita, siku ya Jumanne. Ina kichujio nyuma yake kinachonasa nyuzi za pamba. Miaka yote kichujio hicho kilisafishwa na fundi wa mashine, mara moja kwa wiki. Zilipita wiki tatu fundi hajaonekana, nyuzi zikajaa, mimi nikawasha kama kawaida. Moto uliondoka na mashuka ya chumba cha upasuaji na ngozi ya mkono wangu. Alhamisi yake, siku mbili baada ya moto, ndipo ofisi ilipobandika tangazo ukutani kwamba kila anayewasha mashine asafishe kichujio mwenyewe asubuhi. Shika siku hizo mbili vizuri.

Baada ya hapo ikaja karatasi. Hapa kwetu karatasi za Kiingereza zina desturi yake. Karani, yule tunayemwita Bwana Kalamu, anazileta saa ya chai, zimekunjwa upande wa juu, na mahali pa sahihi ameshaweka alama ndogo ya penseli. Unatia sahihi penye alama, unarudi kwenye kikombe chako. Mtu akitaka kusoma kwanza anaonekana hana adabu, kama mgeni anayenusa chai aliyokaribishwa. Nimefua na kukausha hapa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo nimetia sahihi penye penseli. Sijui nimekubali mangapi.

Safari hii niliomba nikae nayo siku chache, nikakutumia picha yake. Ulinijibu kabla chai yangu haijapoa. Na mimi ninajua ulivyoisoma, kaka, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kusoma hivyo. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaokota magazeti ya kufungia vitu, unaniambia niruke kutoka neno nilijualo mpaka neno jingine nilijualo, na katikati nijaze kwa akili yangu. Tuliita kuruka mawe. Ukaona mashine, ukaona moto, ukaona usalama, ukasema ni fomu ya kawaida ya usalama. Usione aibu. Mara ya kwanza hata mimi niliisoma hivyo hivyo, nikaona haina neno.

Lakini kuna jambo sikukuambia, kwa kuogopa utanicheka. Tangu mwaka jana, saa ya chakula cha mchana, ninasoma. Tunakaa kwenye stoo ya mashuka, wanafunzi watatu: mimi, mlinzi wa geti, na mwenzangu wa kupiga pasi ambaye tunamwita Kijino. Anayetufundisha ni fundi wa lifti, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Maisha yake yote amesoma vitabu vya lifti vya Kiingereza, na anasema anayesoma kitabu cha lifti kwa kubahatisha hushuka nayo haraka kuliko alivyopanga.

Siku ya kwanza alitukuta tumepigia mstari maneno makubwa, akatufutia yote. "Hayo yanawaambia habari inahusu nini," akasema. "Hayawaambii nani kafanya, lini, na kwa sababu gani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Basi tukainama. Anatuzungushia duara vijineno vile vinavyofunga sentensi: kinachoongeza, kinachotoa sababu, kinachoweka sharti, kinachogeuza maneno yakarudi nyuma. Kisha vitendo. Kila kitendo anatuuliza kilitangulia au kilifuata, na tunakipanga kwa chaki kwenye mstari sakafuni, cha kwanza kushoto. Mlinzi wa geti alizungushia kila neno mpaka ukurasa ukawa chandarua, mzee akamuuliza kama amemwachia mwandishi chochote. Tulicheka, ila somo liliingia.

Kwa hiyo nilipopata jibu lako nikajikaza kisabuni, nikaichukua karatasi yao stoo, siku tatu mfululizo. Aya ya kwanza ilikuwa salama. Ya pili ikaanza na neno lao la "ingawa", na mzee wa lifti ametuonya tukilikuta hilo tusimame, kuna kitu kinakaribia kugeuzwa. Ilisema hivi: ingawa mfanyakazi alikuwa ameshaelekezwa kusafisha kichujio kila asubuhi, aliwasha mashine bila kukisafisha, na kwa sababu hiyo moto ukatokea. Alikuwa ameshaelekezwa. Kabla ya moto. Mfanyakazi huyo ni mimi, kaka.

Nilichora mstari wangu sakafuni, Jumanne kushoto, Alhamisi kulia. Karatasi yao imezipanga kinyume, na yule fundi wa mashine aliyepotea wiki tatu hayumo kabisa. Nilimwomba mzee anihakikishie. Akasoma, akavua miwani, akasema nimesoma sawasawa. Nakuambia ukweli, nililia pale pale juu ya mashuka safi. Sikulia kwa woga. Nililia kwa hasira ya kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa miaka kumi na tisa.

Ijumaa wakaja chumba cha kupigia pasi, afisa utumishi na Bwana Kalamu wake. Ilikuwa mimi nitie sahihi kwanza, kisha wenzangu kumi na mmoja watie kama mashahidi kwamba maelekezo walishayasikia kabla ya moto. Penseli zimeshapigwa zote kumi na mbili. Nikaomba kiti.

Afisa akauliza kiti cha nini. Nikamwambia cha kusomea. Nikakaa, nikatoa rula, nikaanza upya kutoka juu, kidole kwenye mstari, midomo ikicheza. Pasi zilikuwa zinapoa. Afisa akasema, "Mama, hii ni fomu tu." Nikamjibu, "Basi haitakimbia." Nilipofika aya ya pili nikamsomea kwa sauti, kwa Kiingereza chake, halafu kwa Kiswahili ili kila mtu asikie. Nikasema hayo si kweli, na sahihi yangu haipati. Akaniambia kukataa kutia sahihi nako ni kosa. Nikamwambia aliandike hilo pia, nitalisoma.

Akaita wa pili. Wa pili alikuwa Kijino, mwenye miezi miwili tu ya masomo na watoto wanne. Nikajua huyu atatia, na nisingemlaumu. Kijino akasema, "Na mimi naomba kiti." Akasoma kwa nusu saa, na nina hakika robo tatu hakuielewa, akairudisha bila sahihi. Wa tatu ni yule mama wa kukunja mashuka, ambaye hata tangazo la Kiswahili tunamsomea sisi. Naye akaomba kiti. Afisa akamuuliza kama anajua kusoma. Akasema, "Sijui. Ndiyo maana nitakaa muda mrefu zaidi."

Mpaka chai ikaisha, mpaka mashuka mabichi yakajaa vikapu, wakawa bado wanaomba kiti mmoja mmoja. Bwana Kalamu aliondoka na karatasi yenye alama kumi na mbili za penseli, bila sahihi hata moja.

Sasa nimeitwa mbele ya kamati Alhamisi hii. Wanaweza kunifukuza, sikufichi. Nalala na hofu hiyo na naamka nayo, na nikitazama hiki chumba nawaza nitahamia wapi na binti yangu. Katika ujumbe wako wa pili umeniandikia kwamba unafahamiana na afisa na utampigia uniombee msamaha. Nakuomba kama mdogo wako, na kama hunisikii nakukataza: usimpigie. Msamaha huombewa mkosaji. Najua unasema hivyo kwa kunipenda, umenisomea karatasi tangu sijaota meno ya ukubwani, na sijasahau. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kaka. Jina litakalobaki kwenye faili ni langu.

Nimeandika maelezo yangu mwenyewe, sentensi tano za Kiingereza, na ndani yake fundi wa mashine amerudi mahali pake, wiki tatu kabla ya moto. Mzee wa lifti amekataa kunisahihishia. Amesema wakikuta kosa la lugha watajua nimeandika mimi. Nitayasoma mwenyewe mbele ya kamati, nikiwa nimekaa. Wakinifukuza, nitatoka nikijua kila neno lililonifukuza.

Nimekuwekea humu nakala ya karatasi yao. Isome tena, polepole, vijineno vyote, halafu uniandikie ulichokiona. Usinitumie mstari mmoja.

Msalimie sana wifi, mwambie asiache dawa kwa kuona nafuu. Wabusu wanangu wote wawili, na yule mdogo mwambie shangazi yake naye ana daftari la shule. Mpe mama mdogo salamu zangu ukimtembelea, ila haya ya kamati usimwambie mpaka Alhamisi ipite. Mungu akulinde uendako na urudipo, akupe nguvu za mgongo na subira na mimi.

Sahihi iliyo hapa chini nimeitia kwa hiari yangu, baada ya kuisoma barua nzima mara mbili.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinuna,

Dada yako wa mashuka.