Kikakwa cha Mwalimu Keji

Alhamisi, jioni. Ediofe, Arua.

Jua limetuchoma tangu asubuhi. Sasa mawingu yamejikusanya upande wa Kongo, lakini mvua yenyewe haishuki. Nimeoga mara mbili na bado najihisi mchafu.

Nimechukizwa. Acha niliandike hilo kwanza, kabla sijaanza kulipamba kwa maneno ya kisomi.

Nasomea shahada ya pili ya sheria. Utafiti wangu unahusu vikwazo vya wakimbizi wanaotaka uraia wa Uganda. Kwenye karatasi vikwazo hivyo vinapangika vizuri sana, kila kimoja na tanbihi yake. Leo nilikwenda Koboko kukiona kimoja kikifanya kazi.

Nilimsindikiza Mwalimu Keji. Aliingia Uganda akiwa mgongoni mwa mama yake, wakikimbia vita vya Sudan, na leo ana mvi. Anafundisha darasa la kwanza katika shule moja huko Dranya, wilayani Koboko, na watu wazima wengi wa pale walijifunza a-e-i-o-u kwake. Sasa serikali imeichukua shule hiyo. Walimu wote wataajiriwa upya, na asiye raia atatoka muhula huu ukiisha. Ndiyo maana aliomba uraia. Ndiyo maana leo aliitwa kuhojiwa, akavaa gauni lake la kanisani. Yeye ni Mkakwa, mimi Mlugbara, kwa hiyo kati yetu kuna Kiswahili chetu cha huku.

Ofisi yenyewe sitaitaja. Ina benchi, ina meza, na nyuma ya meza kuna afisa aliyehamishiwa Koboko kutoka mbali.

Mbele yetu alikuwa mwanamume mmoja mfanyabiashara wa mbao, aliyekuja kwa ajili ya pasipoti. Afisa akamuuliza kama anasema Kikakwa. Yule bwana akatamka maneno machache, wakacheka wote wawili.

"Basi wewe iko mutu ya hapa," afisa akasema, akagonga muhuri.

Ikafika zamu ya Keji. Swali lilelile. Akajibu kwa Kikakwa, taratibu, kwa sauti yake ya darasani. Afisa hakucheka.

"Hiyo Kakwa hata kule ng'ambo, Kaya, wanasema," akamwambia. "Hiyo naonyesha wewe iko mutu ya Sudan."

Lugha ileile. Meza ileile. Hata wino wa ule muhuri ulikuwa haujakauka.

Nilisimama. Nikasema sheria inataka lugha ya hapa nchini au Kiingereza, na Mwalimu anajua zote mbili. Afisa akaniangalia kama mtu anayeangalia inzi juu ya chakula chake.

"Wewe wakili yake?"

"Hapana. Mtafiti."

"Basi tafiti. Kaa chini."

Nikakaa.

Yule bwana wa mbao alikuwa bado mlangoni. Akageuka. "Afande, huyu mama alifundisha watoto yangu kusoma."

"Mimi naita wewe?"

Akatoka akiangalia viatu vyake. Simlaumu. Pasipoti yake ilikuwa bado mikononi mwa watu wale.

Kisha ukaja uamuzi. Keji alete barua ya chifu wa kule alikozaliwa, kuthibitisha yeye ni nani. "Vuka tu Oraba, kwani iko mbali? Rudi na barua, tutaona." Afisa alilisema hilo huku akitafuta kitu kwenye simu yake.

Tulipotoka nje Keji hakunisubiri. Alisimamisha bodaboda, akamwambia dereva Oraba, mpakani. Nikachukua nyingine nikamfuata, vumbi lao lote likiniingia kinywani.

Nilimkuta amesimama hatua chache kutoka kizuizi cha mpaka, mkoba kifuani. Malori yalikuwa kwenye foleni, wabadilisha fedha wakiita wateja, na upande wa pili Kaya ilionekana wazi kabisa. Nilimshika mkono. Nikamweleza kitu ambacho afisa yule anakijua, na kama hakijui basi ni vibaya zaidi: mkimbizi akirudi kwa hiari yake kutafuta karatasi za nchi aliyoikimbia, anaweza kuambiwa hahitaji tena hifadhi. Atakuwa amekwenda kutafuta uraia, na njiani amepoteza hata ukimbizi.

"Halafu mimi nakuwa nani?" akaniuliza.

Nimesoma vitabu vingi juu ya swali hilo.

Akaangalia ng'ambo. "Mama alinibeba akapita barabara hii. Alisema hata nyuma haangalii. Leo mimi narudi kwa sababu ya barua?"

Akatema mate. Mwalimu Keji, ambaye watoto wa Dranya huadhibiwa naye kwa kosa hilohilo, alitema mate barabarani mbele ya madereva wa malori, akajifuta mdomo kwa kitambaa, akageuka kurudi Koboko.

Nilidhani uchafu wa siku umeishia hapo.

Nikiwa njiani kurudi Arua nilimpigia msimamizi wangu wa utafiti. Namwita Dokta. Nilimsimulia yote.

"Hii ni dhahabu!" akasema. "Lugha moja, majibu mawili! Hiyo ni sura nzima. Ulipiga picha pale mpakani?"

Nilikata simu. Nilisingizia mtandao.

Kinachonichukiza zaidi si furaha yake. Ni kwamba kabla hajasema, kichwa changu kilikuwa kimeshapata jina la sura hiyo.

Jioni hii Keji amepiga. Nilitarajia kilio. Anataka kurudi ofisini kesho baada ya vipindi, amwambie afisa aandike kwa mkono wake kwamba Kikakwa si lugha ya Uganda, aweke na sahihi. Akikataa kuandika, atakaa kwenye benchi mpaka wafunge.

Nikamwambia nitakuja, kama rafiki.

"Rafiki niko nao mingi, dada," akasema. "Wewe nasoma sheria. Kuja na sheria."

Sina leseni ya uwakili. Ila nina mwenzangu tuliyesoma naye, ana ofisi ndogo hapa mjini, na nimeshamwamsha kutoka usingizi wake wa jioni. Amenuna, lakini amekubali. Tunaondoka kesho saa nne asubuhi.

Dokta ametuma ujumbe: sura itakuwa tayari lini? Nimemjibu kwamba Mwalimu bado yumo ndani yake, anahangaika kutoka.

Radi inapiga upande wa Kongo. Najiuliza kesho nitakaa kwenye benchi lile kama nani, na safari hii nikiambiwa nikae chini, nitafanya nini?